Kinyago Kinachokusubiri Ofisini

Nyololo, jioni

Tuse mwanangu,

Umetoka kwenda kuagana na wanakwaya wenzako, na kwa kuwa nyimbo zenu nazijua hazina mwisho, muda ninao. Begi lako lipo mlangoni, limefungwa kamba juu ya zipu kwa sababu baba yako haziamini zipu. Nimevuta kiti karibu na jiko la mkaa, nimevaa lile sweta lako ambalo unasema nimelichakaza. Ukungu umeshashuka mpaka barabarani; malori nayasikia tu, siyaoni.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Hayo nimekuimbia tangu barua ya uteuzi ilipofika, mpaka sasa unanimalizia sentensi. Ninakuandikia kwa sababu jana wakati wa chakula uliniuliza kitu, nami nikainuka kukusanya sahani ambazo watu walikuwa hawajamaliza kulia.

Ulisema, tena ukicheka: "Mama, shule ninayokwenda kuwa mwalimu mkuu ndiyo iliyopewa kinyago mwaka huu. Kipo ofisini kinanisubiri. Nifundishe ulivyokitoa wewe, nataka nami kiondoke harakaharaka." Baba yako mdogo akapiga meza. "Huyo ndiye mtoto wa Mwalimu! Mama yako alikitoa kwa mwaka mmoja, wilaya nzima walimpigia makofi!" Wote mkanitazama. Hapo ndipo nilipoziona sahani.

Sikukujibu kwa sababu njia ninaijua, na nikikufundisha utaiweza. Wewe ni hodari kuniliko. Hilo ndilo linalonikosesha raha tangu jana.

Ulikuwa darasa la kwanza nilipokipokea, kwa hiyo unakumbuka vipande tu. Matokeo ya darasa la saba yalikuwa yametoka, walimu wakuu wote tukaitwa kwenye ukumbi mmoja wilayani. Zikasomwa shule, ya kwanza, ya pili, hivyo hivyo, na kila aliyeitwa alisimama akapigiwa makofi. Makofi yakawa yanapungua. Mwishoni ukumbi ukanyamaza, watu wakaanza kugeuza shingo kutafuta nani hajasimama. Nilikuwa mimi. Nikaenda mbele, mwenzangu aliyekuwa nacho mwaka uliopita akanikabidhi, maana ndio ulikuwa utaratibu wao: anayekiacha ndiye anayemkabidhi anayekichukua, mbele ya watu wote. Mtu wa mti mweusi, tumbo mbele, mdomo wazi, ulimi nje. Watu wakacheka. Yule mwenzangu alikuwa anatabasamu mpaka machozi yanamlenga, na mimi nilimchukia kwa tabasamu lile. Sikujua kwamba baada ya mwaka mmoja nitakuwa na tabasamu hilohilo.

Nilikifunga kwa kitenge, nikakipakata ndani ya gari mpaka bondeni. Abiria mmoja akasema, "Mama, hongera, mtoto anaitwa nani?" Nikakaza fundo la kitenge. Masharti yalikuwa kwamba kikae juu ya meza ya mwalimu mkuu mwaka mzima, kila mgeni akione. Watoto wakawa wanakuja dirishani kuchungulia. Na wewe siku moja uliingia ofisini kuniomba maji, ukakikuta, ukasimama wima na sare yako mpya, ukakiambia, "Shikamoo." Ulidhani ni mkubwa wangu wa kazi. Nilicheka siku hiyo. Baadaye nimefikiri sana, nikaona mtoto hakukosea, maana tangu siku kilipoingia mle ofisini nilikuwa ninakitii.

Nisikusimulie kama vile sisi tulikuwa walimu wavivu. Unajua bonde lile la Usangu lilivyo. Mpunga ukianza kutoa punje, nusu ya darasa wako mashambani wanaamia ndege, na wale wa jamii ya wafugaji waliohamia kutoka kaskazini, wakikuita "mwalimu" wana heshima zote, lakini ng'ombe wakihama na mtoto kahama. Tulikuwa na walimu wachache na madarasa mawili yaliyoezuliwa na upepo. Hayo yote nilitaka kuyaeleza siku ile ukumbini, lakini aliyeshika kinyago haulizwi maswali.

Basi nikakaa nikapanga ratiba upya. Nataka uisome sehemu hii taratibu, kwa sababu siri yote unayoitafuta ipo hapa, na haina ufundi mkubwa.

Mwalimu Bupe ndiye aliyekuwa anafundisha darasa lenu, darasa la kwanza. Kijana wa kwetu Tukuyu, mnene, mcheshi. Alikuwa na kipaji ambacho sijakiona tena: mtoto aliyekabidhiwa hajui kushika penseli, baada ya miezi michache anasoma maandishi ya kwenye mifuko ya saruji. Nikamtoa. Nikampeleka darasa la saba akasimamie kambi. Darasa lenu nikaliachia mwalimu ambaye alikuwa anasubiri kustaafu na ambaye alikuwa anafika akijisikia. Mwalimu Bupe alinifuata ofisini.

"Mama, wale watoto ndo kwanza wameanza kuunganisha herufi," akasema. "Nikiwaacha sasa hivi wanapotea."

"Darasa la kwanza halina mtihani wa taifa," nikamwambia.

"Sasa mama, si ndo hawa watakuja kuwa la saba?"

"Wakifika tutaona."

Akakitazama kinyago, akanitazama mimi, akasema, "Haya mama," akatoka. Samaki tulimwacha angali mbichi, tukaenda kuhangaika na waliokwisha kauka.

Darasa la saba tukawalaza shuleni. Kuimba nikafuta, shamba la shule nikalifuta, mpira nikaufuta. Asubuhi maswali ya mitihani iliyopita, mchana maswali, jioni maswali kwa taa ya karabai. Hatukuwafundisha hesabu, Tuse, tuliwafundisha kubahatisha kwa akili: jibu refu mara nyingi ndilo, majibu mawili yakifanana mojawapo ndilo. Na walishika. Watoto hushika chochote unachowapa, ndiyo maana kazi yetu inatisha.

Lakini palikuwa na wale ambao hata kubahatisha hawakuweza. Hao wangetuvuta chini. Kwa hiyo kabla ya majina ya watahiniwa kupelekwa, niliita wazazi wao mmoja mmoja nikawaambia mtoto arudie darasa la sita, "ili aimarike". Neno zuri, eti? Nililiokota kwenye semina. Na asiyetaka kurudia, nikasema, shule ziko nyingi.

Mmoja alikuwa Mzee Masanja, baba yake Kabula. Kabula alikuwa binti mrefu, mkimya, aliyekuwa anakosa shule msimu wa ndege na akirudi anaanza upya kama mgeni. Mzee alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mwalimu, mimi huyu mutoto nimemung'ang'ania. Ndugu zangu wanasema muozeshe, mimi nasema hapana, amalize la saba. Sasa unasema arudi tena nyuma?"

"Simrudishi nyuma, Mzee. Ninataka aimarike."

"Mwaka mwingine siwezi kuwazuia hawa. Watamuoza tu. Akimaliza la saba angalau nitasema, huyu kamaliza."

Juu ya kichwa chake, ukutani, palikuwa na maandishi tuliyomlipa fundi rangi kutuandikia, dira ya shule yetu, herufi kubwa za bluu: KILA MTOTO ANAWEZA. Niliyasoma yote nikiwa ninamsikiliza. Halafu nikamwambia, "Mpeleke kwa Mwalimu Mgaya, ng'ambo ya mfereji."

Huyo Mgaya nilimchagua, mwanangu. Usidhani jina lilinitoka tu. Tulisoma naye chuo kimoja cha ualimu, Mhehe mmoja mpole, anatembea kama mtu asiyetaka kuamsha watu. Nilijua hawezi kukataa mtoto. Shule zote nyingine za jirani nazo zilikuwa zinaficha watoto wao dhaifu, zisingenipokelea. Yake ingepokea, na ikapokea, karibu wote.

Chuoni tulifundishwa falsafa ya elimu. Wewe pia umeisoma, na najua umeipata kwa alama nzuri. Mimi katika mtihani ule nilijaza kurasa, elimu kumkomboa mtu, elimu na jamii, nikanukuu wakubwa wote. Mgaya aliandika kidogo tu, akapata kidogo tu, nikamtania mpaka likizo. Tulidhani falsafa ni lile somo. Kumbe mwalimu mkuu falsafa yake haiandiki popote, hata ukutani. Inaonekana kwa mambo ya kawaida kabisa: mwalimu wako bora umempa darasa gani, mtoto aliyerudi kutoka kuamia ndege unamkaribisha kwa neno gani, na nani unamwambia shule ziko nyingi. Mimi yangu ilikuwa kwenye ratiba, nimeibandika mwenyewe kwa gundi, na mtu yeyote angeweza kuisoma.

Mgaya alikuja kwangu kwa baiskeli wiki ile. Nilimpa kiti, nikaogopa.

"Dada, umeniletea wageni," akasema.

"Wazazi ndio wameamua."

"Aa. Wazazi." Akatikisa kichwa, akachukua maji aliyopewa. "Wengine kusoma hawajui kabisa, dada. Wako la saba lakini nimewaanzishia herufi, mchana, wenzao wakienda kula."

"Mgaya, unajua watakuharibia matokeo."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa si wameshakuja? Mimi nafundisha waliopo." Kisha akauliza bei ya mpunga upande wetu, akaaga. Nilikasirika, Tuse. Nilitamani angenitukana.

Mwaka ule tulipanda. Sikuamini mimi mwenyewe. Ukumbini waliposoma shule yangu miongoni mwa za mwanzo, walipiga makofi mpaka afisa elimu akanyanyua mkono kuwazuia. Nikapewa cheti, kile ambacho baba yako amekitundika sebuleni. Halafu majina yakaendelea, makofi yakapungua, ukumbi ukanyamaza, shingo zikaanza kugeuka. Akainuka Mgaya.

Nilikuwa nimesahau utaratibu. Mtu akanigusa bega, "Mama, mkabidhi mwenzio." Nikatembea mbele na kile kitu mikononi. Mgaya alikuwa amevaa koti lake la harusi, la kijivu, kwenye joto lile. Akakipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayepokea mtoto wa mwenzake. Watu walikuwa wanacheka, na mimi nikahisi mdomo wangu unatabasamu, siwezi kuuzuia. Akaniinamia akasema polepole, asisikike na mwingine, "Kabula hakufaulu, dada. Lakini sasa anasoma. Juzi kamsomea baba yake barua ya kwao, mzee kalia."

Ni hilo tu. Hakulaumu. Mwaka uliofuata alivuliwa ukuu, akapelekwa Chunya huko kwenye vumbi kushika chaki kama mwalimu wa kawaida. Mkewe hakumfuata. Nilikutana naye baadaye sana, stendi ya Mbeya. Alinishika mkono kwa furaha, akaniuliza habari zako kwa jina, akanieleza habari za tumbaku mpaka gari lake likaita abiria. Maneno niliyokuwa nimeyaandaa kwa miaka sikupata mwanya wa kuyasema. Au nisiseme uongo mbele yako: mwanya nilikuwa nao, nikautumia kuuliza habari za tumbaku.

Sikia na upande mwingine, nisije nikakupa hadithi rahisi. Katika wale wa kambini yuko mmoja ambaye sasa ni muuguzi Iringa. Kila Krismasi ananipigia. "Mwalimu, bila ile kambi mimi ningekuwa nimeozwa kwa mifugo." Anacheka, nami ninacheka. Nimwambie nini? Kwamba kambi yako iliendeshwa na mwalimu niliyewapora watoto wadogo? Yule dada anaponya watu. Na kama nisingefanya vile, mimi ndiye ningekwenda Chunya, na wewe ungehama shule katikati ya mwaka, na baba yako biashara ya mbao ilikuwa imekwama, tulikuwa tunakula mshahara wangu. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Kwa hiyo sikai hapa kujihukumu ili unihurumie. Ninakuambia tu kwamba hesabu hii nimeifanya mara nyingi na kila mara inatoa jibu jingine.

Ila iko sehemu ambayo jibu halibadiliki, nayo ni darasa lako. Mlipofika la nne, kundi kubwa kati yenu walikuwa hawajui kusoma. Wewe ulijua. Ulikuwa unajua kwa sababu nilikuwa ninarudi nyumbani, ninakuweka mapajani, ninakuunganishia zile herufi ambazo Mwalimu Bupe hakuruhusiwa kuziunganisha. Sikujiuliza kwa nini ninafanya hivyo. Mama alijua kitu ambacho mwalimu mkuu alijifanya hakijui. Wenzako hawakuwa na mama mwalimu. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshapandishwa cheo kwa ajili ya matokeo yale, nasafiri kufundisha wengine "mkakati" wangu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilisifiwa sana.

Umewahi kuniuliza kwa nini sijawahi kukupongeza kwa kuwa wa kwanza darasani miaka yote ile. Ulidhani mimi ni mama mgumu. Nilikuwa ninaona haya.

Sasa kesho unapanda gari la Mafinga, halafu uteremke njia ya Madibira mpaka bondeni, kwenye ile ofisi. Watakuita wilayani wakuulize mkakati wako, na kinyago kitakuwa mezani kinakutolea ulimi. Watu wanasema kile cha zamani kililiwa na mchwa, wakachonga kingine. Mchwa walikuwa na akili kutuliko.

Najua unachotaka nikuambie: fanya hivi, usifanye vile. Siwezi. Ninaogopa vitu viwili, na vinapigana. Ninaogopa utafaulu kama mimi nilivyofaulu. Na ninaogopa utakuwa kama Mgaya, na nitakusikia uko Chunya, umevuliwa cheo, na watu wanacheka, na hapo nitakuwa mama wa kwanza kukupigia simu nikilia nikikuuliza kwa nini hukutumia akili. Nisamehe mapema kwa simu hiyo. Ikija, usiifuate.

Labda ninachoweza kukuomba ni kidogo. Ukifika, kabla hujafungua faili lolote, nenda darasa la kwanza ukae nyuma, kwenye dawati dogo, magoti yagonge mbao. Tazama nani anawafundisha. Halafu ujue mapema, wewe mwenyewe peke yako, ni mtoto yupi hutamfukuza hata wakikutisha kwa lolote. Usilitafute jibu siku baba yake amesimama mlangoni na kofia mkononi. Siku hiyo utaokota neno la semina.

Nawasikia mnakuja, unacheka na yule rafiki yako mwenye sauti nene. Barua hii nitaitia mfukoni mwa sweta hili, nalo nitalirudisha begini mwako, maana kule ni joto na hutalivaa, kwa hiyo hutaiona mapema. Utaikuta siku ya baridi, ukiwa umeshaanza kazi na umeshazoea kukiona mezani; mafaili utakuwa umeshayafungua, lakini darasa la kwanza nenda siku hiyohiyo. Watoto wakikiamkia, usiwacheke.

Siku utakayonipigia kuniambia kimeondoka, nitapiga vigelegele mpaka majirani watoke nje, kwa sababu mimi ni mama yako na sitaweza kujizuia. Nikishamaliza, nitakuuliza jambo moja, na nitasubiri jibu hata vocha ikiisha: umemkabidhi nani?

Mama yako,
Mwalimu